Binti Anataka Kusoma Politike: Mama Aulize Nini Mbele ya Kulipa?

Kila mwaka, matokeo ya Egzamen ya Serikali yakitoka, tunawamwagia watoto wetu pudri kichwani, tunapiga vigelegele, majirani wanakuja kula. Siku mbili tatu zikipita, ulizo linaingia nyumbani: sasa utasoma nini? Binti akisema anataka kuwa munganga ao avoka, mama anatabasamu. Akisema anataka kusoma siansi politike, mama anashika kiuno. Politike? Ile ya kutukanana kwenye redio? Na kazi ataipata wapi, sisi tusio na ndugu mkubwa Kinshasa?

Wamama wapenzi, maulizo hayo yana maana. Feza ya iniversite inatoka kwenye likelemba, kwenye mifuko ya makala tunayouza, na kwenye mshahara wa baba ambao unachelewa. Lakini kuna wasichana wanaokatazwa fakilte hii juu ya woga usio na msingi, na kuna wengine wanaoruhusiwa bila mtu kuwaeleza ugumu wake wenyewe.

Woga wa kwanza tuuondoe: fakilte hii si shule ya kugombea viti. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu, mwaka 1966, alisoma sosiolojia. Jeannine Mabunda, mwanamke wa kwanza kuongoza Bunge la Taifa, mwaka 2019, alisoma sheria. Judith Suminwa, aliyeteuliwa Waziri Mkuu mwaka 2024, alisoma uchumi. Mtoto anayetafuta kiti tu anaweza kupita njia nyingine.

Basi wanasoma nini? Wanasoma namna mamlaka inavyogawanywa na namna feza ya watu wote inavyotembea. Tuchukue mfano wa hapa kwetu Katanga. Mama anayeuza unga kando ya barabara ya Fungurume anaona malori ya madini yakipita kutwa nzima. Kodi ya madini inayoitwa rwayalti, Sheria ya Madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inaigawanya hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao shefri ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Asilimia 15 hiyo inaingia kwenye konti gani? Nani anapiga kura juu ya bajeti yake? Mbona maternite ya mahali haina maji? Ao chukua kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006, kinachosema majimbo yapewe asilimia 40 ya mapato ya taifa, na kwamba feza hiyo ibaki jimboni tangu inapokusanywa. Kila gavana amelia juu ya kifungu hicho. Kueleza kwa nini kimeandikwa vizuri na kinafuatwa vibaya, hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi wa politike. Anajifunza pia sheria ya katiba, historia ya mawazo ya politike, uongozi wa ofisi za serikali, feza za umma, takwimu, na namna ya kufanya uchunguzi katikati ya watu.

Lubumbashi ina mizizi katika masomo haya. Mwaka 1971, serikali ilipounganisha iniversite zote kuwa moja, UNAZA, masomo ya jamii na politike yaliletwa huku. Leo yako pia Kinshasa, Kisangani, Bukavu na Goma. Hapa kwetu binti atasikia majina mawili: SPA, yaani politike na utawala, na RI, uhusiano wa kimataifa. RI inavuta vijana sana kwa sababu wanajiona tayari ndani ya ambasade. Mimi ningemshauri SPA. Ambasade ni chache, lakini komini, sekta na ofisi za jimbo ziko kila mahali, hasa tangu mwaka 2015 majimbo yalipotoka 11 na kuwa 26.

Sasa miaka, maana hapa wazazi wengi wanapotea. Zamani mtoto alifanya gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD umeenea inchi nzima: lisansi ni miaka 3, kila mwaka kredi 60, kisha master miaka 2. Neno lisansi limebaki, maana yake imebadilika. Binti akisema «nitamaliza lisansi», mama ajue kwamba ni miaka 3, na kwamba matangazo mengi ya kazi bado yanaandika BAC+5, maana yake master. Kwa hiyo hesabu ya likelemba ifanywe kwa miaka 5 tangu mwanzo, hata kama atasimama kidogo katikati ili atafute feza.

Na kazi? Tuseme wazi, ni ngumu. Ofisi ya serikali inaweza kumpokea na kumpa meza, kisha akae miaka bila mshahara kwa sababu hajawa mekanize. Kila familia ina mtu wa namna hiyo. Njia iliyo safi zaidi ni konkuru ya Shule ya Taifa ya Utawala, ENA, kule Kinshasa, lakini nafasi zake ni chache. Wengine wanaingia kwenye mashirika, kwenye redio, ao kwenye kazi za muda wakati wa uchaguzi. Yule anayejua takwimu, kompyuta na Kiingereza, na anayeweza kuandika ripoti isiyo na makosa, anatangulia. Binti anayekimbia hesabu akidhani politike ni maneno tu ataumia kwenye takwimu mapema.

Kuna jambo moja ambalo msichana atalisoma kwa macho tofauti na kaka yake. Kifungu cha 14 cha Katiba kinataka usawa wa wanaume na wanawake katika vyombo vya inchi. Lakini sheria ya uchaguzi ya 2006 ilisema kwamba liste isiyo na usawa haitakataliwa juu ya hilo. Mkono mmoja ukatoa, mwingine ukarudisha. Mwaka 2022 wabunge wakaongeza kwamba liste yenye wanawake nusu isilipe kosyo. Vyama vya wanawake vinahitaji mtu wa kusoma maneno hayo madogo kabla liste hazijafungwa.

Lazima tuzungumze pia juu ya pointi. Wamama mnajua ninachomaanisha: mwanaume mwenye kalamu anayemwambia msichana aje nyumbani kwake «kuangalia kopi». Linatokea katika fakilte mbalimbali. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu usumbufu wa kingono. Mwambie bintiyo mbele ya siku ya kwanza ya masomo: asiende peke yake, asifute mesaje hata moja, na akuambie wewe bila kuogopa kwamba utamwondoa masomoni. Woga huo wa mwisho ndio unaowanyamazisha.

Mbele ya kulipa, ombeni karatasi yenye gharama zote za mwaka, si mineravali tu: silabusi, stazhi, uchapaji wa kazi ya mwisho, transpori. Lipeni kwa banki na mtunze bordero. Iniversite ikiwa ya binafsi, ombeni kuona arete ya wizara inayoiruhusu kutoa diploma ya politike, maana ruhusa ya fakilte moja haifuniki nyingine. Na kwa kujiandikisha, tayarisheni fotokopi za diploma ao atestasyo ya matokeo, bilten za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema na picha. Bilten ndizo zinazochelewesha wengi. Nendeni kwenye shule ya sekondari sasa, wakati prefe bado yuko ofisini.