Podikasti ya Sauti ama ya Video? Piga Hesabu ya Bando Kwanza

Ukipanda matatu Nakuru ukielekea Nairobi, una kama kilomita 160 mbele yako. Angalia wenzako: wengi wana vipokea sauti masikioni na skrini zimezimwa. Wanasikiliza, hawatazami.

Tunalitaja hili kwa sababu wateja wetu wa Nakuru, Njoro na Naivasha wanaoanzisha podikasti hutuuliza: nirekodi sauti tu, ama niweke na video? Siku hizi kila mtu anakimbilia video, na si bure. Kipande cha dakika moja husambaa TikTok haraka, na YouTube hugawa pesa ya matangazo. Lakini mgao huo una masharti: wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa anayeanza, hiyo ni safari. Legally Clueless ya Adelle Onyango, iliyoanza 2019, ilijijengea jina kwa sauti.

Sasa bando. Saa moja ya sauti kwa ubora wa 128 kbps hula kama MB 58. Sikiliza saa moja kila siku, wiki nzima, ni MB 406 hivi. Video ya saa moja tu inaweza kumaliza kiasi hicho, kutegemea ubora. Na dereva wa lori anayepita Salgaa, ama mama anayevuna viazi Molo mikono ikiwa na udongo, atatazama saa ngapi?

Tukija kwa pesa, kabla matangazo hayajaingia wengi hutegemea michango: hamsini hapa, mia pale. Hapa ndipo tumeona watu wakiumia.

Mteja wetu mmoja wa Nakuru alikuwa akiweka nambari yake ya simu chini ya video. Kuna mjanja akakata kipande, akafunika nambari ile kwa yake, akakipandisha upya na maneno ya kuomba msaada wa hospitali. Sura ni ya mwenyewe, sauti ni yake, nani angeshuku? Alijua tu siku shabiki alipomuuliza mbona hata asante hakusema. Pesa ilikuwa imeshaenda.

Sauti nayo ina shida yake. Ukisoma nambari mbio mbio mwishoni, msikilizaji akikosea tarakimu moja, mia tano yake inaenda kwa mtu asiyemjua.

Kwa hivyo chukua nambari ya Till yenye jina la kipindi chako. Isome polepole, mara mbili, kisha utaje jina litakalotokea kwenye simu. Hilo jina ndilo muhimu kuliko nambari. Wewe unayetuma, lisome kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa tofauti, acha hapo hapo. Ukishakosea, tupigie mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Na hatutakuuliza PIN yako kamwe.

Maoni yetu? Anza na sauti, halafu simu moja ikurekodi vipande vifupi vya kuvutia watu. Taa na kamera zingoje.

Yule mteja bado anafanya video. Siku hizi anataja Till na jina mwanzoni kabisa, kabla hata ya kumkaribisha mgeni, na wageni wake wameshazoea kungoja.