Kuku Wanapougua au Kufa Ghafla: Piga Simu Kabla ya Kushika Kisu

Mwongozo kwa kaya zinazofuga kuku uani nchini Uingereza (England)

Unafungua banda asubuhi na kumkuta kuku mmoja amekufa. Mwingine amejikunyata pembeni, mabawa yamelegea, hataki maji wala chakula. Jana wote walikuwa wazima. Kwa wengi wetu tuliokulia Afrika ya Mashariki, wazo la kwanza ni lile tulilorithi kwa wazee: huyu aliyebaki achinjwe upesi kabla hajafa, nyama isipotee bure. Kipeperushi hiki kinakuomba usifanye hivyo, na kinakueleza sababu.

Kwa nini asichinjwe?

Kuku mwenye mafua ya ndege huwa hatari zaidi kwa binadamu wakati wa kumchinja, kumnyonyoa na kumpasua kuliko wakati wa kumla. Virusi hukaa katika mate, kamasi, damu na kinyesi chake. Anapopapatika, matone na vumbi la manyoya huruka, na aliyeshika kisu huvivuta kwa pumzi au hujipangusa jicho kwa mkono wenye virusi. Ni kweli kwamba nyama iliyoiva barabara haina virusi hai. Lakini kabla haijafika jikoni, aliyeiandaa amekwisha kuvigusa. Kumchinja kuku kwa kufuata taratibu za dini hakuui virusi.

Maambukizi kwa binadamu ni nadra, ila yapo. Januari 2022 ilitangazwa kwamba mkazi mmoja wa kusini-magharibi mwa England aliambukizwa na ndege aliokuwa akiwafuga na kuishi nao kwa karibu. Januari 2025, mtu mmoja katika jimbo la Louisiana, Marekani, alifariki baada ya kukaribiana na kuku wa nyumbani na ndege wa mwituni.

Je, kila kifo ni mafua ya ndege?

La. Kuku huzeeka, na yapo maradhi mengine mengi. Utitiri mwekundu hujificha katika nyufa za banda mchana na kunyonya damu usiku. Angalia chini ya vijiti vya kulalia kwa tochi. Kuhara damu kwa vifaranga aghalabu husababishwa na vimelea vya utumbo. Maradhi ya Marek huwapooza kuku wachanga, mguu mmoja ukanyooka mbele na mwingine nyuma. Chakula chenye ukungu na sumu ya panya navyo huua.

Hata hivyo, dalili zifuatazo zinahitaji taarifa ya haraka:

• vifo vya ghafla, hasa vya kuku zaidi ya mmoja;
• kichwa kuvimba, macho kufumba na kutoa machozi;
• upanga wa kichwani na nyama zinazoning'inia chini ya mdomo kugeuka rangi ya samawati;
• shingo kupinda, mwili kutetemeka, au kuku kushindwa kusimama;
• kupumua kwa shida, kukohoa au kupiga chafya;
• kupungua ghafla kwa mayai.

Baadhi ya dalili hizi utazitambua, kwani ndizo za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kwa macho peke yake hakuna awezaye kutofautisha kideri na mafua ya ndege. Maabara ndiyo huamua. Kwa sheria za hapa, ukishuku ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili, ni lazima utoe taarifa mara moja. Huhitaji kuwa na uhakika, shaka inatosha.

Hatua za kufuata

1. Usimguse kuku mgonjwa wala mzoga kwa mikono mitupu. Waweke watoto na paka mbali; paka nao huambukizwa.

2. Piga simu 03000 200 301, ambayo ni ya England. Ikiwa Kiingereza ni kigumu kwako, mwombe ndugu au jirani akusaidie. Andaa postikodi yako, idadi ya kuku, idadi ya waliokufa, na siku dalili zilipoanza.

3. Usimtoe kuku, yai, chakula wala samadi nje ya nyumba yako mpaka upate maelekezo. Usimgawie jirani wala usiuze. Mayai yasiliwe.

4. Ukilazimika kuingia bandani, vaa glavu, barakoa na viatu vya kazi hiyo tu. Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni na maji.

Ikiwa dalili hazifanani na hizo, mpigie daktari wa mifugo kwanza, usimpelekee kuku bila miadi.

Mzoga usizikwe

Kwa sheria za Uingereza, kuku ni mnyama wa shambani hata akiwa mmoja na mwenye jina. Hairuhusiwi kumzika bustanini wala kumchoma moto uani. Ikiwa mafua ya ndege yanashukiwa, mwache alipo hadi uelekezwe. Kama hayashukiwi, daktari wa mifugo atakueleza ni nani aliyeidhinishwa kumchukua.

Afya yako na ya jamaa zako

Ikithibitika kwamba kuku walikuwa na mafua ya ndege, wahudumu wa afya ya jamii watawasiliana nawe. Waliowagusa kuku hao hufuatiliwa kwa siku 10 na huenda wakapewa dawa ya kuzuia virusi. Ndani ya siku hizo, homa, kikohozi, koo kuuma au macho mekundu visipuuzwe. Piga 111, taja kwamba umekuwa karibu na kuku wagonjwa, na omba mkalimani wa Kiswahili. Mtu akishindwa kupumua, piga 999.

Je, nikipiga simu watawaua kuku wangu?

Hilo ndilo swali linalowanyamazisha wengi, na linastahili jibu la kweli. Ugonjwa ukithibitika, kuku waliosalia kwa kawaida huuawa na maafisa. Lakini fidia hutolewa kwa kuku wazima waliouawa kwa amri ya serikali. Kwa waliokwisha kufa au kuugua hailipwi. Anayechelewa, basi, hupoteza kuku na fidia pia, na huenda akauingiza ugonjwa katika banda la jirani.

Kinga

Weka chakula na maji mahali ambapo ndege wa mwituni hawafiki, hasa majira ya baridi bata mwitu wanapohama. Usiwape kuku mabaki ya jikoni, hata wali au ugali, sheria inakataza. Mwisho, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mfugaji wa kuku katika England anatakiwa kujiandikisha, hata akiwa na kuku mmoja. Walioandikishwa ndio wanaopelekewa taarifa ugonjwa unapozuka karibu nao.

Tafadhali bandika nambari ya simu iliyo hapo juu kwenye mlango wa banda, ili yeyote atakayekuwa nyumbani siku hiyo aione.