"Viondoasumu" katika Mboga za Majani: Istilahi, Sayansi na Usalama wa Mlaji

1.0 Utangulizi

Kisamvu cha Tanzania ndicho sombe ya mashariki ya Kongo na isombe ya Rwanda na Burundi: majani machanga ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa. Pamoja na mchicha, matembele na majani ya mlonge, mboga hii husifiwa katika maandishi ya lishe kwa kuwa na "viondoasumu" na kwa "kuzuia uvimbe". Makala haya yanafafanua kemia inayorejelewa na istilahi hizo mbili na kuonyesha kwamba kila moja humwahidi mlaji jambo ambalo sayansi haijalithibitisha.

2.0 Kemikali za majani na kazi zake

Mwili unapotumia oksijeni kupata nishati, huzalisha pia radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na jozi. Hizi hunyang'anya elektroni kutoka katika mafuta, protini na vinasaba vya seli. Vizuia-oksidishaji huzipa radikali hizo elektroni na kuzituliza. Majani ya mlonge yana kwesetini na kemferoli, ambazo ni flavonoidi. Mboga nyingi za kijani zina beta-karotini na vitamini C. Katika majaribio ya maabara, kwesetini hupunguza pia utengenezaji wa kemikali zinazochochea mchochota, yaani mwitikio wa kinga unaoleta wekundu, joto, maumivu na kuvimba.

Upishi hubadili hali hiyo. Vitamini C huharibiwa na joto na kupotelea katika maji ya kuchemshia, ilhali beta-karotini hufyonzwa vizuri zaidi mboga inapoungwa kwa mafuta.

3.0 Tatizo la istilahi

Majani ya muhogo yana linamarini. Yanapotwangwa, linamarini hukutana na kimeng'enya cha linamarasi, na mwisho wa mchakato huo ni sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo hutoka kwa urahisi chungu kinapochemka bila kufunikwa. Kinachoondoa sumu ya kisamvu, basi, ni kinu na moto, wala si flavonoidi. Msomaji anayeambiwa kuwa majani "yana viondoasumu" ana sababu ya kudhani kwamba yanajisafisha yenyewe, na hivyo kufupisha maandalizi. Uzito wa jambo hili unaonekana katika konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa na tabibu Giovanni Trolli katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1938, ambao unahusishwa na mizizi ya muhogo mchungu isiyoandaliwa ipasavyo.

Aidha, neno hilo huashiria kwamba wingi hauna madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wanaume 29,133 wavutaji sigara nchini Ufini ulionyesha kinyume: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa kiwango cha asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mboga mezani na kidonge cha dukani si kitu kimoja.

"Uvimbe" nao hutumiwa katika mazungumzo ya kawaida kwa mchochota na pia kwa vinundu vinavyoota mwilini, vikiwamo vya saratani. Mgonjwa anayesoma kwamba mlonge "huzuia uvimbe" anaweza kuahirisha safari ya hospitali.

4.0 Hitimisho

Mboga za majani zinastahili kuhimizwa kwa kuwa ni chakula bora, si kwa kuwa ni dawa. Inapendekezwa kwamba maandishi ya lishe yatumie "vizuia-oksidishaji" badala ya "viondoasumu", na "mchochota" badala ya "uvimbe". Kwamba matokeo ya maabara yatofautishwe na matokeo yaliyothibitishwa kwa binadamu. Na kwamba kila sifa ya kisamvu iambatane na maelekezo ya kukitwanga na kukichemsha. Kwa kuwa mboga hii inavuka mipaka kwa majina mbalimbali, usanifishaji huo unafaa kuratibiwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyopo Zanzibar, kwa ushirikiano na wizara za afya za nchi wanachama.