Mkono Utoao Kabla ya Kura

Kukirimu ni jambo jingine, na kununua ni jambo jingine. Mwenye kumkirimu mgeni hatazamii malipo. Mwenye kununua hutoa kitu ili apewe kitu. Sisi tukaao Mdandu, wilayani Wanging'ombe, twayaona mambo haya mawili yakichanganywa kila ufikapo wakati wa kura za maoni.

Kura hizi si jambo dogo. Chama cha Mapinduzi kimeshinda kila uchaguzi mkuu tangu ule wa vyama vingi wa mwaka 1995, na katika vijiji vingi yule aliyepitishwa nacho huhesabiwa kuwa amekwisha kuwa diwani au mbunge. Uchaguzi wa Oktoba huwa kama kutia muhuri barua iliyokwisha kuandikwa.

Je, ni nani waiandikao barua hiyo? Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote walipiga kura ya maoni ya ubunge katika matawi yao. Mwaka 2020 kazi hiyo ikarudishwa kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe ikaongezwa, nao wakapiga kura tarehe 4 Agosti, ingawa neno la mwisho juu ya wagombea ubunge hubaki kwa Halmashauri Kuu ya Taifa. Basi yafaa tufahamu kwamba wapiga kura wakiwa wachache, bei ya kila mmoja hupanda. Atakaye kununua hana haja ya kulisha kata nzima.

Vijana nao wajue kwamba zamani palikuwa na desturi nyingine. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Walihutubia pamoja katika mikutano iliyotayarishwa na chama, kwa lugha ya Kiswahili, nao walikatazwa kuomba kura kwa kabila au dini. Sisemi kwamba siku zile zilikuwa bora kwa kila jambo, kwani vyama vingine havikuwako. Lakini wananchi waliwasikia wawili hao jukwaa moja, wakawapima kwa maneno yao.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifungua mlango wa "takrima" ya mgombea. Mahakama Kuu iliufunga mlango huo Aprili 2006 kwa kuwa ulipingana na Katiba, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo huzitazama hata hatua za uteuzi ndani ya vyama. Lakini sheria haiingii jikoni usiku. Huko huingia dhamiri ya mtu tu.

Tukumbuke kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akauliza, lau angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingalimfikia? Mjumbe wa leo na ajiulize vivyo hivyo: lau nisingalikuwa na kura, je, khanga hii na bahasha hii zingalibisha hodi kwangu?

Tena tutazame faida na hasara. Mahindi na viazi vyetu hupita njia za mashambani kabla ya kufika Makambako, kwenye njia panda ya Mbeya na Songea na stesheni ya TAZARA. Lori likikwama matopeni wakati wa mvua, hasara humpata mkulima aliyekula pilau ya mgombea na yule asiyekula. Khanga itachakaa mwaka wa kwanza; diwani atakaa miaka mitano.

Basi, ndugu zangu, tumpime mwombaji kwa mambo matatu. Je, tulimwona katika misiba na kazi za kijiji kabla hajataka kura? Je, aweza kutueleza fedha za halmashauri hutoka wapi na huenda wapi? Je, huvumilia kuulizwa mbele ya watu? Nanyi wazazi, watoto hutazama mlangoni mgeni wa usiku anapokuja. Wakimwona baba au mama akiirudisha bahasha kwa adabu, hilo litawafundisha uraia kuliko hotuba nyingi.