Chapati Ilitangulia, Tanduri Ikafuata

Mlo wa mkahawa wa Kihindi wa Kaskazini husimama juu ya mkate wa ngano, maziwa katika sura zake nyingi, na tanuri la udongo liitwalo tanduri. Kwa mlaji wa Arua au Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, mkate si mgeni: chapati hupikwa kando ya barabara, na ikiviringishiwa mayai huwa roleksi. Kigeni ni tanuri.

Chapati ilitangulia kwa sababu haidai zaidi ya bamba la chuma na moto. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Wafanyabiashara waliosambaza maduka Uganda walikuwa hasa Wagujarati, na jikoni mwao mlikuwa na dengu, mboga na mkate mwembamba, si kuku wa tanurini. Mwaka 1972 Idi Amin, ambaye kwa baba alikuwa Mkakwa wa asili ya Koboko, aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Walaji waliobaki hawakuiacha chapati. Hadi leo huipika kwa mafuta na tabaka, tofauti na roti kavu ya nyumbani Punjab.

Ajabu ni kwamba vyakula maarufu vya mkahawa ni vichanga kuliko chapati ya Afrika Mashariki. Kuku wa siagi huhusishwa na Moti Mahal, mkahawa uliofunguliwa Delhi na watu waliotoka Peshawar baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Swali la nani hasa alimbuni lilifikishwa mahakamani mjini Delhi mwaka 2024.

Tanduri ni kama mtungi mkubwa wenye kuta nene, makaa yakiwaka chini, na joto lake huweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Naan, mkate wa unga uliochachuliwa, hubandikwa kwenye ukuta wa ndani na kuiva kwa dakika moja au mbili. Kuku hulowekwa kwanza kwenye mtindi, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili. Asidi ya mtindi huilainisha nyama, kisha moto huikausha nje kabla haijakauka ndani. Jiko la mkaa la kuchomea nyama hukaribia ladha hiyo kwa kuku, lakini naan ya kweli hulishinda.

Asiyekula nyama ana dengu nyeusi zilizochemshwa polepole kwa siagi, au paneer, jibini laini ya maziwa yaliyokatwa kwa ndimu. Hiyo ya mwisho haihitaji mtambo wowote, ila maziwa mengi, kwani sehemu kubwa hutoka kama maji.

Namna ya kula haihitaji kufundishwa West Nile. Anayemega ugali wa enyasa kwa mkono wa kulia na kuchovya kwenye mchuzi hufanya vivyo hivyo kwa naan. Michuzi huwekwa katikati, ikashirikiwa, na miwili au mitatu hutosha watu wanne. Naan iagizwe kidogo kidogo, maana ikipoa hugeuka ngumu kama ngozi.