Buru, Sayari Yetu Isiyoonekana

Nilikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na sala ya Isha imekwisha pita, basi letu liliposimama Athi River. Nikashuka kunyoosha miguu. Nani asiyeujua mji ule kwa vumbi la saruji? Mbele yangu palikuwa na lori limewasha taa kali, nisione kitu. Nilipoikinga taa moja kwa kiganja, kumbe utingo yupo pale pale ubavuni mwake, anafunga turubai!

Hapo nikaikumbuka sayari yetu. Usicheke, msomaji. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wataalamu wa Falaki ulizipa nchi mbalimbali nafasi ya kuita majina nyota za mbali na sayari zake. Kenya ikaiita nyota yake Kalausi, yaani upepo wa kisulisuli kwa Kijaluo, na sayari yake Buru, yaani vumbi. Lakini Buru haijapata kuonekana. Imejulikana kwa jinsi inavyoivuta nyota yake ikayumba kidogo.

Sababu ni ile ile ya taa ya lori. Jua letu huishinda Mushtarii kwa mwangaza mara bilioni moja hivi. Sisi wa pwani tunajua: mwezi mwandamo hautafutwi mpaka jua litue. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Bernard Lyot alitia kizibo ndani ya darubini, akauona utaji wa jua bila kungoja lipatwe. Wataalamu wa leo huziba nyota kwa njia hiyo. Na kwa kuwa hewa yetu haitulii, hutumia vioo vyembamba vinavyojipinda mamia ya mara kwa sekunde ili kuisahihisha picha.

Mwaka 2008 Christian Marois na wenzake, kwa darubini za Hawaii, walitoa picha ya sayari tatu za nyota HR 8799. Hizo ni kubwa, bado zina moto, na ziko mbali na nyota yao. Buru huizunguka yake kwa siku 3 tu. Imo ndani ya kizibo chenyewe. Na sayari mfano wa dunia yetu inahitaji kuzimwa mwanga unaoizidi mara bilioni 10.

Enyi vijana mnaosoma hesabu na ufundi, jina tumekwisha toa. Kilichobaki ni kutengeneza chombo cha kuiona.