Asilimia ya Nini?

Darasa lililojengwa na kampuni ya madini hupokewa kwa ngoma na hotuba za shukrani. Lakini pale ambapo sheria imeweka kiwango, darasa hilo ni deni lililolipwa, na wananchi wana haki ya kulidai.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Cibitoke, wenye dhahabu ya Mabayi. Julai 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha kazi za kampuni kadhaa za madini, ikisema taifa halipati haki yake. Lakini fungu la taifa likipatikana, halifiki lenyewe kwenye kolini inayochimbwa. Linahitaji kanuni yake.

Ng'ambo ya Rusizi kanuni ipo. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake yote ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi. Fedha hizo ni mbali na mrabaha, ambao 25% yake ni ya mkoa na 15% ni ya serikali ya mtaa wenye mgodi.

India ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2014, kampuni kubwa za sekta zote hudaiwa, kwa miradi ya jamii, 2% ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Kwa kutazama tu, 2% inaishinda 0.3%. Tufanye hesabu. Kampuni inayouza dhahabu ya dola milioni 10 ingedaiwa dola 30,000 kwa kanuni ya Kongo. Kwa kanuni ya India, ikiwa wastani wa faida yake ni dola milioni 1, ingedaiwa dola 20,000. Isipotangaza faida katika miaka hiyo yote mitatu, haidaiwi kitu, ilhali Kongo ingedai zile 30,000 hata mwaka wa hasara.

Na faida hupungua kirahisi vitabuni: riba ya mkopo wa kampuni mama, ada za ushauri, kodi ya mitambo. Mauzo ni magumu zaidi kuyapunguza, ingawa dhahabu inayovushwa kimagendo haimo katika hesabu yoyote.

Kiwango peke yake hakitoshi; lazima ijulikane nani anaamua. Nchini Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni huandaa mpango wa kila mwaka wa miradi ya jamii, nao hauanzi kutekelezwa bila kukubaliwa na halmashauri. Halmashauri hiyo hiyo husimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi.

Mkataba ujao wa Mabayi utakapojadiliwa, wakuu wa kolini waulize mambo matatu: asilimia ni ya mauzo au ya faida, nani anaidhinisha miradi, na hesabu zitabandikwa wapi ili kila mkazi azisome. Mkataba usiojibu hayo unawaachia wenye kampuni kuamua watoe nini, na lini.